Mwenye Shamba Yuko Ng'ambo

Mwenye mashamba ya huku alikufa zamani sana, na bado ndiye mwenye mashamba. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Ni mtakatifu. Mifupa yake imo ndani ya sanduku, sanduku limo chini ya altare, altare imo ndani ya abasia, nyumba kuu ya watawa, na abasia iko ng'ambo ya maji, mahali ambapo sijafika ila mara moja tu, na mara hiyo nitaieleza. Ardhi inayotolewa kwa abasia haitolewi kwa abate, mkuu wa watawa, wala kwa watawa wenyewe. Inatolewa kwake yeye. Abate hufa akaja mwingine, watawa huzikwa na wengine wakavaa kanzu, lakini yeye hafi tena, kwa kuwa kufa alishamaliza. Ndiyo maana mashamba yake hayagawanyiki. Aliyekwisha kufa hana watoto wa kugombea urithi, hana deni la kilabuni, hana mke wa pili atakayetokea siku ya msiba na vitoto viwili mkononi. Hakuna mwenye mali aliyetulia kama yeye.

Na ardhi yenyewe haitolewi kwa mdomo peke yake. Mtu hukata bonge la udongo katika shamba lake, majani yake juu na mizizi yake chini, akalibeba mpaka kanisani, akaliweka juu ya altare watu wakiona. Bonge likigusa kitambaa cheupe, shamba zima limehama, ingawa liko palepale na ng'ombe bado wanalikanyaga. Mimi ndiye ninayefua vile vitambaa. Udongo wa mlimani huacha doa jekundu linalotoka kwa majivu. Udongo wa kando ya mto huacha doa jeusi ambalo halitoki. Hufifia tu, na ukikinga kitambaa juani unaliona bado lipo. Nimekaa miaka mingi nikisugua mashamba ya watu.

Mwaka siutaji. Huku miaka hufuata kengele, na kengele iko ng'ambo. Ikipigwa kule, sauti huvuka maji na ukungu, na ikitufikia huwa imechelewa, mara nyingine kwa muda wa kuchemsha maharage, mara nyingine kwa maisha ya mtu. Nimewahi kuitikia kengele ya asubuhi nikiwa msichana, nikafika mlangoni mwa kanisa nikiwa mjane. Hakuna anayeshangaa. Watu huuliza tu, "Umeamkaje?" na wewe unajibu umeamka salama.

Upande wetu wa maji kuna kituo cha watawa wawili, wametumwa na abasia watunze kilichotolewa. Mkubwa ni Priori Wunibaldi, mzee mrefu ambaye hajui tena kama ni mtu wa kule au wa huku. Siku nyingine husema amefika jana, na ndevu zake zimefika kifuani. Mdogo ni Bruda Odilo, mtu wa ghala. Huyo huhesabiwa mkali, lakini akimwona mtoto na kikohozi humkatia kipande cha sega la asali bila kuulizwa. Wakila hawasemi, mmoja husoma kwa sauti na mwingine huomba chumvi kwa vidole. Kila kitu kina ishara yake. Mkate una ishara, samaki ana ishara, hata mashamba yetu yana ishara, na nikipeleka vitambaa saa ya chakula humwona Bruda Odilo akikamua hewa kwa vidole vitatu, kama mtu anayepukuchua suke, nami najua kwamba wanazungumza juu ya bonde letu.

Bonde letu ni la mpunga. Mume wangu Gaudensi alilifungua msitu ulipokuwa bado unanguruma. Alipougua ugonjwa wa kifua, na kifua kikakataa dawa, aliomba kufa kitawa, kama waume wengi wa huku wanavyoomba. Watawa wote wawili walikuja. Alivikwa kanzu nyeusi, akalitoa bonde kwa Mtakatifu, akafa. Bonge hakuwahi kulibeba. Kwa hiyo shamba lilikuwa limetamkwa lakini halijahama, na Gaudensi alikuwa amekufa lakini hajasomwa. Maana wafu wa abasia husomwa majina kila asubuhi, pande zote mbili za maji, wakaombewa na watu wasiowajua, mwaka hadi mwaka, na asiyesomwa anabaki peke yake na dhambi zake. Desturi inasema mume akifa kabla ya kubeba, mjane atabeba. Nilipewa mpaka Jumapili ya Masuke, masuke ya kwanza yanapoletwa kanisani.

Nilikuwa na mambo mawili tu, na kila moja lilimla mwenzake. Nikibeba bonge, Gaudensi atasomwa, na mpunga wa bonde utapanda jahazi la watawa, sisi tubaki na makapi na jina zuri la watu wa Mtakatifu. Nisipobeba, tutakula, na yeye hatasomwa. Nasema tutakula, kwa sababu sikuwa peke yangu. Nilikuwa na wifi yangu Otmara, dada yake Gaudensi, aliyerudi nyumbani na wanawe baada ya ndoa kumshinda. Watoto wale waliota meno kwa mpunga wa bonde lile.

Otmara alinikuta Jumamosi nimeinama shambani na jembe la mkono.

"Unakata keki, wifi?"

"Nakata bonge."

"Kata dogo basi. Labda watachukua shamba dogo."

Udongo ulikuwa umeshikana vizuri, nilikuwa naogopa usivunjike. Akachuchumaa mbele yangu, akang'oa jani la mpunga, akalitia mdomoni.

"Huyo mtakatifu wako anakula wali?"

"Mifupa haili."

"Basi mbona magunia yanavuka kila mavuno? Nani anatafuna?"

"Otmara, usikufuru."

"Sikufuru. Nauliza chakula cha wanangu kinakwenda kwenye meno ya nani. Hata mwizi tukimpata tunamjua kwa sura."

"Na kaka yako je? Unataka alale bila kuombewa?"

Hapo akatema lile jani.

"Kaka yangu namwombea mwenyewe. Au maombi yangu yananuka moshi?" Akasimama, akajifuta magoti. "Wewe beba, wifi. Nyinyi mnaofua vitambaa vya altare mmeshakuwa weupe kama vyenyewe. Beba. Halafu uje uwaeleze wanangu, kwa Kilatini."

Alikwenda zake akicheka kile kicheko chake cha kuumia. Nililiweka bonge katika kikapu, nikalifunika kwa kanga yenye maji. Kwenye shamba lilibaki shimo la ukubwa wa chungu. Nililiangalia nikafikiri: hivi ndivyo shamba linavyofungua mdomo likitaka kusema, na halina ulimi.

Nilipitia kituoni kwanza. Priori alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya jiko, amekinga jua kwa kiganja. Nilimsalimu, akanibariki, akatazama kikapu.

"Umeleta mayai?"

"Nimeleta bonde, Baba."

"Ah. Ni wewe. Nilidhani ni yule mwanamke mwingine."

"Yupi?"

"Wa kabla yako." Akafikiri. "Au wa baada. Keti."

Nikaketi. Nilikuwa na swali, na nilikuwa nimelibeba muda mrefu kuliko kikapu.

"Baba, Mtakatifu alipata kufika huku?"

"Hapana. Alikufa kabla ya mtu yeyote wa kule kujua kama kuna huku."

"Basi bonde langu analijuaje?"

"Halijui. Mwenye mali si lazima aijue mali. Mimi mwenyewe nina figo na sijapata kuziona."

"Lakini figo zikiuma unasikia."

Akacheka, mzee yule, mpaka akakohoa. Nikangoja. Alipotulia nikaendelea, maana nilijua nikiacha sitaanza tena.

"Mifupa ya Mtakatifu inamiliki mashamba pande zote za maji. Mifupa ya Gaudensi iko hapo nyuma ya kanisa, tena ni mipya, na udongo wa bonde bado umo kwenye kucha. Kwa nini mfu mmoja amiliki, na mwingine asimiliki hata pale alipolima?"

Priori alishusha kiganja, jua likampiga usoni. Akasema, "Kwa sababu mmoja ana watu wanaosema kwa niaba yake."

"Basi mwenye shamba ni wale wanaosema."

"Hilo usimwambie Odilo," akasema. "Ana kazi nyingi."

Niliwaza juu ya neno hilo nikitembea kuelekea kanisani. Mwenye nguvu aliye karibu unaweza kumwona amechoka. Unaweza kumwona anapiga chafya, ukajua kwamba naye ana pua. Lakini mwenye nguvu asiyekuwepo hapigi chafya. Humkuti njiani ukamweleza kwamba mvua haikunyesha. Unamweleza mtumishi wake, na mtumishi anasikitika kwa moyo wote, anasema mimi sina uwezo, uwezo ni wa yule. Na yule ni sanduku. Na sanduku halijapata kumdhulumu mtu. Nawe unarudi nyumbani na huna wa kumlaumu, na ghala limejaa, na hakuna mkono ulioonekana ukilijaza ila wako mwenyewe. Na wewe unampenda Mtakatifu. Hilo watu kama Otmara hawalielewi. Nampenda. Nilimwomba nilipokuwa najifungua, na ingawa mtoto hakukaa, mimi alinisikia nikabaki. Sijui wapi linaishia sikio lake na wapi inaanzia mikono ya watu wake.

Hapo kengele ikalia. Nilikuwa mbele ya mlango wa kanisa letu, nikausukuma kwa bega, na nikaingia ng'ambo.

Naeleza kama nilivyoona. Kilikuwa chumba kirefu cha mawe, baridi, chenye madirisha membamba. Sakafuni yalipangwa mabonge ya udongo, yote yaliyopata kuwekwa juu ya altare, moja kando ya lingine, na kila bonge lilikuwa limeota majani ya kwao. Palikuwa na majani ya malisho, palikuwa na mizabibu myembamba inayotambaa, palikuwa na shayiri, na nyasi chungu za kando ya bahari. Harufu ilikuwa ya nchi nyingi zimefungiwa ndani ya nyumba moja. Na abate alikuwa anakagua mashamba yake. Alikuwa peku, ameinua kanzu mpaka kwenye muundi, anatoka bonge hili anakanyaga lile, na kila anapokanyaga anasimama kidogo akisikiliza kwa nyayo.

"Hapa kuna baridi," akasema. Akavuka. "Hapa wananung'unika." Akavuka. "Hapa pamelala."

Kati ya mabonge walikuwepo wanawake wenye mitungi, wananyunyizia maji. Mmoja aligeuka akanitazama. Alikuwa na uso wangu. Akageuka wa pili, naye alikuwa nao. Sikuogopa, niliona haya kidogo tu, kama unapomkuta mtu amevaa kitambaa kilekile katika sherehe ileile. Waliniita. Mmoja aliniita Adela, mmoja Hadwiga, mmoja Ermelinda. Yote nikaitika, na hakuna jina lililonibana.

Nikamwuliza wa karibu, "Lako lilikuwa lipi?"

"Lile la mizabibu."

"Unalikumbuka?"

"Nakumbuka kulibeba. Njia ilikuwa na matope, na mkono wa kushoto ulikufa ganzi." Akainamisha mtungi. "Shamba lenyewe silikumbuki."

"Na mume?"

"Anasomwa kila asubuhi."

"Ukisikia jina lake unamwona?"

Akanyunyizia maji.

Abate alikuwa amefika mwisho wa mstari. Pale palikuwa na nafasi tupu ya ukubwa wa chungu, mawe ya sakafu yanaonekana. Alikwisha kuinua mguu. Ulibaki hewani, mguu wa mzee, mweupe, wenye mishipa ya buluu na tope la nchi kumi chini ya unyayo, na alikuwa anaanza kuyumba. Akanitazama. Hakunitazama kwa ukali.

"Weka hapa, mwanangu," akasema. "Upesi. Nisije nikaanguka."

Nakiri kwamba mikono yangu ilitaka kuweka. Mtu yeyote akimwona mzee anayumba mikono yake inataka kumshika. Nilipiga goti, nikafunua kanga, na kengele ikalia kwa mara nyingine, na goti langu likawa juu ya saruji ya kanisa letu, Jumapili ya Masuke, watu wamejaa, na Bruda Odilo ananiambia kwa sauti ya chini, "Simama, mama. Bado hatujaanza."

Masuke yalikuwa yamefungwa kwenye nguzo. Otmara aliketi upande wa wanawake, benchi la mbele kabisa, amewapanga wanawe kandokando yake kama ushahidi. Priori alisimama mbele ya altare. Kitambaa nilikuwa nimekifua mwenyewe Ijumaa.

Desturi inataka anayebeba asimulie kwanza zawadi ilivyotolewa, ili watu wasikie. Wengi husema maneno machache, alikuwa mgonjwa akatoa, Mungu ampokee. Lakini mimi nikisimulia jambo siwezi kulikata. Nililisema lote, tangu mbwa alipobweka watawa wakifika. Nikasema Priori alimpaka mafuta. Nikasema pumzi yake ilikatika, wote tukadhani amekwenda, na Bruda Odilo akasema haraka, kanzu, kanzu, asije akafa bila kanzu. Nikasema walimvika. Nikasema pumzi ilirudi. Nikasema hapo ndipo Bruda alipomwinamia akamwuliza juu ya bonde, na Gaudensi akasema, bonde nampa Mtakatifu.

"Ngoja," akasema Priori.

Alikuwa amefumba macho wakati nasimulia. Sasa alikuwa ameyafumbua, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana kujua yuko wapi.

"Odilo. Tulimvika kabla ya kumwuliza?"

"Alikuwa anakata roho, Baba. Tungengoja nini?"

"Nakuuliza kabla au baada."

"Kabla," akasema Bruda Odilo. Uso wake ulibadilika akisema, maana naye aliliona. Hakuwa mtu mjinga.

Watu hawakulielewa, kwa hiyo Priori aliwageukia akawaeleza polepole. Siku zote zawadi hutangulia, kanzu hufuata. Aliyevaa kanzu hana kitu. Kanuni yao haimwachii mtawa hata sindano ya kushonea iwe yake, sembuse bonde. Kama Gaudensi alikuwa mtawa alipoulizwa, alitoa kisichokuwa chake. Alipovikwa aliufia ulimwengu, na bonde saa ileile lilikuwa la mjane wake, na hakuna aliyemwuliza mjane.

Otmara alipiga makofi mara moja, akajizuia.

"Lakini," akasema Priori, "kumfunika mtu nguo si kumfanya mtawa. Hata farasi anaweza kufunikwa. Lazima apokee. Aliyekuwa na nguvu hutamka nadhiri. Asiyekuwa na nguvu huvuta mwenyewe kofia ya kanzu juu ya kichwa, kwa mkono wake, na hiyo ndiyo nadhiri yake. Asipovuta, kanzu ni blanketi tu, na yeye alikufa mume wa mkewe, na alichokitoa amekitoa." Akamtazama Odilo. "Ulimwona akivuta?"

"Nilikuwa nachukua msalaba mezani."

"Nami nilikuwa nimefumba macho nikiomba." Akanigeukia. "Kunigunda. Ulikuwa kichwani pake."

Nilikuwa kichwani pake.

Watu waliokuwa kanisani watasema sikukawia kujibu. Pengine. Huku kengele haipimi vile. Mimi niliona nimesimama pale na kikapu mpaka udongo ukakauka, ukapasuka, ukaota tena. Nilikuwa nasema ndani kwa ndani. Aliivuta. Mkono uliokuwa umeshindwa kikombe. Mkono niliokuwa naulisha uji. Uliinuka peke yake, ukapapasa nyuma ya shingo, ukaishika ile kofia, ukaileta mbele mpaka kwenye nyusi. Sikumsaidia. Hakuniomba. Halafu akanitazama, kwa adabu, kama anavyokutazama mtu wa kijiji kingine mkipishana sokoni. Nilikuwa nimemshika mkono mwingine. Niliendelea kuushika. Ulikuwa mkono wa nani? Aliishi baada ya hapo mpaka jua likaingia dirishani, na nikamfuta jasho, na nikamwita mume wangu, na hakuna aliyenikataza. Kumbe nilikuwa nafuta jasho la Bruda mmoja. Kumbe ujane wangu ulianza nikiwa nimemshika. Nikisema hakuvuta, nimebaki na mume wangu mpaka mwisho, na bonde linakwenda. Nikisema alivuta, bonde linabaki, na yeye aliondoka kabla ya kuondoka. Na sisi si watu wa kusema uongo mbele ya tabernakulo. Lakini nani aliona? Mungu aliona. Basi Mungu aseme. Mungu hasemi, ana watu wa kusema kwa niaba yake, na leo amebaki nami tu.

"Aliivuta," nikasema.

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake wa kulia. Mpaka hapa." Nikaonyesha.

"Kwa hiyo yule aliyekufa..."

"Hakuwa mume wangu," nikasema, ili asinisaidie. "Alikuwa mtawa wenu."

Nilisikia benchi la mbele likilia. Otmara alikuwa amesimama. Nilidhani anafurahi, kwa sababu bonde lilikuwa limebaki na wanawe wamelipata. Uso wake haukuwa wa furaha.

"Unamsingizia kaka yangu," akasema. "Kaka yangu hakumwacha mtu. Kaka yangu alikuwa na watu wake mpaka mwisho, unasikia? Umeuza hata kifo chake!"

"Otmara, keti," wakasema wanawake.

"Siketi! Afadhali wangechukua shamba!"

Akawakokota wanawe akatoka. Bruda Odilo alinitazama muda, akainua mkono, na mbele ya watu wote akafanya ishara ambayo sikuwa nimepata kuiona mezani kwao, kiganja juu ya kifua, polepole. Sijui ni chumvi au ni pole. Nilichukua kikapu changu nikateremka mpaka bondeni, nikalirudisha bonge shimoni. Lilikuwa limesinyaa pembeni, nikajaza tope.

Asubuhi iliyofuata alisomwa. Si pamoja na wafadhili. Alisomwa pamoja na watawa, Bruda Gaudensi wa nyumba yetu, na nadhani ng'ambo pia alisomwa, habari ilipowafikia. Nikasema amina pamoja na wengine. Kisha Bruda Odilo akahamisha uzio wa miti nyuma ya kanisa, kwa sababu kaburi la mtawa lazima liwe ndani ya ua wa watawa, na mwanamke haingii mle. Alifanya kazi ile kwa heshima, anapigilia polepole, akijua nasikia. Mahali nilipozoea kupiga magoti pamebaki upande wangu, nyasi zimelala. Kaburi liko upande wao. Ninasali nikiwa nimeuelekea uzio, na sijui nimwite nani katika sala. Nimesema marehemu mume wangu, nikasita. Nimesema Bruda, ulimi ukakataa. Sasa nasema tu, yule, ee Bwana, unamjua.

Na mimi ni mjane wa nani? Kitambaa cheusi bado nakivaa. Hakuna aliyeniambia nivue. Nikifua vitambaa vya altare sasa hutokea nikikinga kimoja juani nikatafuta doa letu, nikakumbuka kwamba halimo. Sijui kama yule abate aliuweka mguu chini au alianguka. Kengele bado zinafika.

Otmara hakunisemesha. Alihamia upande wa pili wa kijiji kwa rafiki yake, na tukikutana kisimani alikuwa akiwaambia wanawe, "Msalimieni mama," nao wananisalimia, na yeye anaangalia ndoo. Mpunga ukageuka rangi. Ndege wakaja. Niliwafukuza peke yangu kwa kombeo na kelele, sauti ikanikauka. Ulipoiva nilianza kuvuna peke yangu, na bonde ni kubwa kuliko mikono ya mwanamke mmoja. Ukimaliza kona hii, ile imeanza kupukutika.

Otmara alikuja nikiwa nimeinama. Niliona miguu yake kwanza, kwenye tuta, imesimama palepale tuta linapoanza, haiteremki. Alikuwa na mundu.

"Kunigunda," akasema.

Tangu niolewe hakuwahi kuniita jina. Nikainuka, mkono kiunoni.

"Nimekaa nikafikiri," akasema. "Kama kaka yangu alikuacha kabla hajafa, basi na mimi niliachwa siku ileile. Nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nachemsha maji yake. Akavuta kofia, na mimi nachemsha maji."

"Ndiyo."

"Na wewe uliona, ukanyamaza muda wote huo."

"Ndiyo."

Upepo ulipita juu ya mpunga. Alikuwa analia bila kujifuta, kwa hasira, kama anavyofanya kila kitu.

"Sasa siwezi kukuita wifi. Wifi ni mke wa kaka, na mtawa hana mke. Nimelitafuta neno lingine sikulipata. Wewe ni nani yangu?"

Nilitazama kona aliyosimama, masuke yamelemea yanagusa maji.

"Upande huo umeiva zaidi," nikamwambia. "Anzia hapo."

Akatazama mpunga, akanitazama. Kisha akakunja kanga magotini, akateremka.